Ukoka Umekosa Nini?

Katika nyua za nyumba zetu mijini inaendeshwa kesi ambayo haijapata kuandikwa katika daftari la mahakama yoyote. Mshtakiwa haitwi, shahidi hahojiwi, wala wakili hasimami. Siku moja mwenye nyumba hurudi kutoka kazini, husimama barazani, hutazama majani yaliyotambaa mbele ya mlango wake, kisha hutoa hukumu: "Yang'olewe." Kesho yake huja kijana na jembe, au mwenye bomba la dawa mgongoni, na jioni ifikapo adhabu imekwisha kutekelezwa. Mshtakiwa huyo ni ukoka. Sisi tumeamua kusimama upande wake, na tunawaomba wasomaji watuvumilie, maana jambo hili laonekana dogo kama jani lenyewe, lakini mizizi yake ni mirefu.

Yafaa kwanza tumtambulishe mshtakiwa, kwa kuwa wengi wanaomhukumu hawamjui. Ukoka ni jani litambaalo, na hujieneza kwa njia mbili. Juu ya ardhi hupeleka vikonyo vinavyotia mizizi kila penye kifundo. Chini ya ardhi hupeleka mashina meupe, magumu, yawezayo kujificha miezi mingi bila tone la mvua. Kiangazi kikishika, ukoka hukauka juu ukawa wa rangi ya majivu, na asiyeujua hudhani kwamba umekufa. Haukufa, umelala. Mvua za kwanza zikinyesha huamka, na baada ya siku chache ua wote huwa kijani pasipo mtu kupanda wala kutia mbolea. Ng'ombe na mbuzi huupenda. Kando ya barabara na juu ya matuta hushika udongo usichukuliwe na maji. Wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon, maneno ya asili ya Kiyunani yenye maana ya jino la mbwa na kidole, kwa sababu masuke yake hutanuka kama vidole vya mkono uliofunguliwa.

Hatusemi kwamba ukoka ni malaika. Mkulima wa mahindi ana haki ya kuuchukia, maana ukiingia shambani hautoki kwa urahisi, na jembe likiukata vipande hulisaidia tu kuuzaa upya. Chini ya mwembe wenye kivuli kizito vilevile haufai, kwa kuwa ni jani la jua. Lakini hapa hatuzungumzi juu ya shamba la mahindi wala chini ya mwembe. Tunazungumza juu ya ua wa nyumba ulio wazi, palipo na jua, ambapo ukoka umejiotea wenyewe, umefunika vumbi, umezuia tope, na haujadai malipo.

Sasa tutazame namna adhabu inavyotekelezwa. Kubadili nyasi za ua si kazi ya siku moja. Dawa ya kuua majani hupigwa wakati ukoka ukiwa kijani, ili ipite katika jani lililo hai ishuke hadi kwenye shina la chini. Baada ya majuma machache ukoka huchipua tena, na dawa hupigwa mara ya pili. Kisha ardhi hulimwa na mashina kuokotwa moja moja, kwani kipande kidogo kikisahauliwa huanza ukoo mpya. Halafu lori huja na udongo mweusi, samadi humwagwa, ardhi husawazishwa kwa reki. Ndipo zinapoletwa nyasi mpya, aghalabu ndani ya viroba au zimekatwa vipande vipande kama mikeka, nazo hupandwa na kunyweshwa asubuhi na jioni mpaka zishike. Msomaji ajiulize: huo udongo mweusi umetoka wapi? Mara nyingi umechimbwa bondeni, palepale ambapo mama fulani angaliweza kupanda mchicha. Tumelivua bonde nguo yake ili tuuvike ua wetu kilemba.

Ladha hii ilitoka wapi? Haikuota hapa. Uingereza ni nchi ya mvua za rasharasha na jua la upole, na huko majani hubaki kijani karibu mwaka mzima bila kubembelezwa. Zamani za mabwanyenye wa nchi hiyo, uwanja mpana wa nyasi fupi mbele ya jumba ulikuwa tangazo. Ulisema: mwenye jumba hili ana ardhi nyingi kiasi kwamba hana haja ya kuilima, na ana vibarua wengi kiasi kwamba anaweza kuwatia kazini kukata majani yasiyoliwa na mtu. Mpaka mwaka 1830, Mwingereza Edwin Budding alipopata hataza ya mashine ya kwanza ya kukatia nyasi, kazi hiyo ilifanywa kwa miundu mirefu na kwa midomo ya kondoo. Mashine ilipopatikana, watu wa hali ya kati nao wakaanza kuiga mabwanyenye wao. Hatuwalaumu, mvua ilikuwa yao na jasho lilikuwa lao.

Wakoloni walipokuja kutawala huku walikuja na ladha hiyo. Katika miji yetu palikuwa na uzunguni, uhindini na uswahilini, na alama mojawapo ya uzunguni ilikuwa nyumba iliyojitenga katikati ya uwanja wa nyasi, yenye mtu wetu aliyeinama akizikata kwa fyekeo. Mtu huyo alizijua nyasi zile kuliko bwana wake, lakini hakuwa na ruhusa ya kukaa juu yake. Tulipopata Uhuru tulizirithi nyumba, jambo lililokuwa haki yetu. Bahati mbaya tukairithi na kasumba iliyokuwamo ndani yake: kwamba ua wa mtu mwenye heshima sharti ufanane na picha iliyochorwa mahali ambapo mvua hunyesha kila juma.

Wazee wetu hawakuwa na ua wa namna hiyo, wala hawakuwa wachafu. Ua wao ulifagiliwa alfajiri, na alama za ufagio zilionekana mchangani kama mistari ya daftari. Palikuwa na sababu. Nyoka alionekana kabla hajafika mlangoni. Nafaka ilianikwa. Mikeka ilitandikwa wageni wakapunga upepo. Watoto walicheza, na usiku wa mbalamwezi hadithi zilitolewa hapo. Ua ulikuwa chumba cha nyumba kisichokuwa na paa. Leo yako majumba ambamo watoto hukaripiwa wasikanyage nyasi, na mgeni huzungushwa njia ya saruji kama mtu anayepita kaburini. Tumekuwa na ua usiotumika, na tunauita maendeleo.

Kejeli kubwa kuliko zote imo katika asili ya hizo nyasi tunazoziabudu. Ukoka huu tunaoung'oa, ambao Afrika ni miongoni mwa maskani yake ya asili, umeenea duniani kote penye joto. Marekani wameupa jina la kisiwa cha Bermuda, ingawa si mzaliwa wa kisiwa hicho. Huko haukung'olewa, ulisomeshwa. Mwaka 1943 kituo cha utafiti wa kilimo cha Tifton, katika jimbo la Georgia, kilitoa ukoka wa malisho ulioitwa Coastal, ambao mzazi wake mmoja alitoka Afrika ya Kusini. Mwaka 1960 kituo hichohicho kilitoa ukoka wa viwanjani ulioitwa Tifway, mseto wa ukoka wa kawaida na ndugu yake mwembamba, uliotokea katika mbegu zilizoletwa kutoka Johannesburg. Umetandazwa katika viwanja vya michezo vya nchi nyingi, nasi tukiviona katika televisheni hutikisa vichwa tukasema, "Wenzetu wana nyasi." Nyasi za wenzetu zina babu huku kwetu! Tena mseto huo ni tasa. Hauzai mbegu iotayo. Atakaye kuwa nao hana budi kununua vipando kwa aliye navyo. Ukoka wa ua wetu hutolewa bure na jirani akipenda.

Nyasi za Kikuyu nazo ni mfano mwingine. Zimepewa jina la kabila la Kenya kwa sababu kwao ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, penye ubaridi na mvua. Mwaka 1919 mbegu zake zilipelekwa Australia kutoka Kongo, na leo ni malisho makubwa huko. Serikali ya Marekani, kwa upande wake, imeziweka katika orodha yake ya magugu hatari. Basi nyasi zilezile ni malisho kwa mmoja, gugu kwa mwingine, na pambo kwa wa tatu. Hapana jani lililozaliwa gugu. Gugu ni jina ambalo mwenye nguvu hulipa jani asilolitaka mahali pale. Na sisi tukiukubali ugugu wa ukoka kwa sababu tu mtu wa kitalu ameutaja hivyo, tumempa mwingine haki ya kutuita majina yetu. Vilevile tukizichukua nyasi za Kikuyu kutoka kwenye ubaridi wake tukazilazimisha ziishi katika fukuto la Dar es Salaam, au katika ukavu wa Dodoma, tumezionea nazo. Kila jani lina kwao.

Tumeitaja Dodoma, na hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la ladha na kuwa la haki. Makao makuu yetu yamo katika nchi kame. Mvua yake kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja, tangu Desemba hivi mpaka Aprili. Watumishi waliohamia huko kutoka pwani, ambako mvua hupita milimita 1,000, wengi wamehama na picha ya ua wa pwani vichwani mwao. Tupige hesabu ndogo. Chukua ua wa mita 10 kwa mita 10. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyasi zisizozoea ukame, chini ya jua na upepo wa Dodoma, zikipewa milimita 4 tu kwa siku zisipoteze rangi, zitakunywa lita 400, yaani ndoo 20 za lita 20. Tangu Mei hadi Novemba ni siku 214. Hesabu hufika lita 85,600, au ndoo 4,280, kwa kiangazi kimoja, kwa ua mmoja usiokuwa hata mkubwa. Mtu anayeamka saa kumi za usiku kupanga ndoo kisimani aambiwe hesabu hiyo, kisha aulizwe anaonaje.

Na maji hayo si ya mto usiokauka. Kwa miongo mingi mji wa Dodoma umetegemea visima vya bonde la Makutupora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji katika visima hivyo, ulionyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa hasa katika miaka michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama zile za El Niño za mwaka 1997 na 1998; katika miaka mingine mingi hupungua tu. Maana yake ni hii: anayemwagia nyasi za pambo kwa maji ya kisima hatumii mvua ya mwaka huu. Anatumia akiba ya miaka iliyopita, na pengine anakopa ya wajukuu.

Nasi hatusimami hapa tukiwa tumetakata mikono. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, tulikuwa miongoni mwa waliofunga mizigo. Nyumba tuliyoipata ilikuwa na ukoka mbele, umekauka, na tuliuonea haya. Tukaja tukauziwa nyasi laini, pana, za kijani kibichi, na muuzaji akatuapia kwamba hazijui kiangazi. Tukapiga dawa mara mbili, tukalima, tukaleta udongo, tukapanda. Kwa miezi mitatu tulikuwa watu wa kusifiwa. Mwezi wa Septemba mgao wa maji ukaanza, bomba likatoa upepo, na nyasi zilizokuwa hazijui kiangazi zikajulishwa. Kufikia Novemba ua wetu ulikuwa mkeka mbovu wa rangi ya tumbaku. Mvua za Desemba zilipokuja tulitoka asubuhi moja tukaona ncha nyembamba za kijani zikitoboa mkeka ule. Zilikuwa za ukoka. Kijana aliyetusaidia kazi za ua alizitazama, akaegemea jembe, akasema kwa adabu zake zote, "Mzee, huu hata haukutuomba maji." Hatukuwa na la kumjibu. Tangu siku ile tumekuwa mawakili wa ukoka, kwa kuwa aliyemhukumu mtu bila kosa anadaiwa.

Wako watakaotupinga, na hoja zao yafaa zisikilizwe. Wa kwanza atasema kwamba tunawanyima watu uzuri. Tunamjibu kwamba uzuri si rangi moja. Ua uliogeuka rangi ya majani makavu mwezi wa Agosti una uzuri wake, kama mvi zilivyo na uzuri wake kichwani mwa mzee. Ubaya ni kuzipaka rangi kwa maji ya jirani. Isitoshe, ukoka ukikatwa mara kwa mara, kwa kimo kilekile, hufumana ukawa mzito na laini kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanaousema vibaya hawajapata kuutunza hata kwa mwezi mmoja. Wamelinganisha nyasi ngeni zilizolishwa na kunyweshwa, na ukoka uliotelekezwa.

Wa pili atasema tunawanyang'anya riziki vijana wa vitalu. La hasha. Vijana hao ni mafundi, na ufundi wao twautaka. Lakini kwa nini wasichague ukoka mwembamba, mzito, wa kijani, kutoka katika mikoa yetu wenyewe, wakauzidisha na kuuuza kwa jina lake? Walioutengeneza Tifway hawakuanza na muujiza; walianza kwa kuinama na kutazama vizuri jani ambalo wengine walilipita. Nchi yenye vyuo vya kilimo na vijana wenye macho haina sababu ya kusubiri ukoka wake urudishwe kutoka ng'ambo ukiwa na jina jipya na bei juu.

Wa tatu, naye ndiye mkali kuliko wote, atasema kwamba huu ni ushamba, kwamba dunia imekwenda mbele na sisi tunang'ang'ania majani. Huyu tunamkumbusha mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba yake alisikitika kwamba wengi wetu tulizijua dansi za Ulaya na hatukuzijua ngoma za nyumbani. Wala hakusema tufunge milango. Alionya kwamba kufufua utamaduni wetu hakuna maana ya kuukataa wa wengine. Nasi hatusemi kila kigeni kiwe haramu. Muhogo na mahindi vilitoka ng'ambo, na leo hapana awezaye kutunyang'anya. Lakini vilipokelewa kwa sababu vilitushibisha. Swali la kumwuliza kila mgeni ni moja: umekuja kutusaidia, au umekuja kunywa maji yetu na kumfukuza mwenyeji? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ambaye mwenyeji akimpokea huugua, huyo si mgeni.

Utamaduni haukai katika majumba ya makumbusho peke yake. Umo katika namna tunavyolitazama jani lililo mlangoni. Wamasai huliheshimu jani. Mtu akishika majani mkononi na kuyainua, ameomba amani, na mkono wa ugomvi hauna budi kushuka. Watu walioishi na mifugo na ukame kwa karne nyingi walifahamu kwamba penye majani pana uhai, hata kama majani hayo hayakupandwa kwa mstari. Sisi tuliosoma tumefika mahali pa kuyanyunyizia sumu kwa sababu hayafanani na picha ya kalenda.

Tunapendekeza mambo machache, wala hayahitaji fedha. Penye jua, ukoka uachwe, ukatwe, upewe samadi kidogo mvua zinapoanza, na kiangazi ukilala uachwe ulale. Penye kivuli kizito, pafagiliwe kama walivyofagia wazee, au pawekwe changarawe. Maji yaliyooga mtu na yaliyosuuza nguo yapelekwe kwenye mpapai na mchicha, si kwenye pambo. Ofisi za umma ziwe za kwanza kuonyesha mfano, hasa katika mikoa mikavu. Si vizuri mwananchi aje kulalamikia shida ya maji huku mpira wa maji ukimwaga mbele ya mlango anaougonga. Na walimu wawafundishe watoto majina ya majani ya nyumbani kwao, kwa Kiswahili, kabla hawajajifunza kuyaita yote magugu.

Tuliuliza mwanzo: ukoka umekosa nini? Tumechunguza mashtaka yote, na tumeona kwamba ukoka haukukosa kwa mtu, wala haukukosa nguvu, wala haukukosa uvumilivu, wala haukukosa uzuri kwa mwenye kuutunza. Umekosa kitu kimoja tu: umekosa bei. Kwa kuwa hatukuununua, tumeuona hauna thamani. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema waliotutangulia. Na msala huu wa kijani hupita upesi, hupita na maji, na hupita na akili zetu. Mwenye ukoka mlangoni na aweke jembe chini, asubiri mvua.